Siku Waliyomtoa Shivachi kwa Ngoma

Ngoma zilifika langoni kwetu Shieywe kabla chai haijachemka. Nilizisikia kwanza kwenye vikombe: vilianza kugongana kabatini, taratibu, kama meno ya mtu aliyeshikwa na homa. Kisha ikaja pembe, zikaja filimbi, zikaja nyayo za watu wanaokimbia pamoja. Kaka yangu Shivachi alikuwa amesimama katikati ya sebule na glavu moja mkononi. Alikuwa akiitazama kwa muda mrefu, kama kitu alichoachiwa na mgeni akitunze.

"Wamekuja," akasema.

"Nani amewaita?"

"Hawaitwangi, Pascalia."

Ni kweli, hawaitwi. Kwetu kijijini Iguhu, asubuhi ya pambano, fahali hutolewa zizini kwa ngoma za isukuti. Watu hukimbia naye barabarani na matawi mikononi, wakimwimbia majina yake na majina ya mama yake, hadi uwanjani atakapopambana na fahali wa watu wengine. Timu yetu ya kandanda iliitwa Fahali, na mtu fulani mwenye mapenzi mengi aliamua kwamba Shivachi, kipa wao aliyekuwa mgonjwa, lazima atolewe vivyo hivyo. Walikuwa wameamka gizani wakaja mjini kumchukua.

Mwezi mmoja na nusu kabla ya hapo, Shivachi alijitupa miguuni mwa mshambuliaji, na goti la yule bwana likampata juu ya sikio. Alilala kwenye nyasi bila kutikisika. Uwanja mzima ulinyamaza hadi nikasikia ng'ombe akilia ng'ambo ya barabara. Alipoinuka, walishangilia kuliko ambavyo wangeshangilia bao, na nadhani imani yao ilizaliwa pale pale. Mguu uliovunjika hufungwa plasta, kila mtu akauona na kuuogopa. Kichwa cha Shivachi hakikuwa hata na kovu.

Lakini mimi niliishi naye. Nilimwona akivuta pazia mchana kwa sababu jua lilimchoma ndani ya macho. Nilimwona akimsalimia jirani, akageuka, akamsalimia upya kwa furaha ile ile, na jirani akacheka akidhani ni mzaha. Jioni moja alisonga obusuma, ugali wa kwetu, akaupakua, akaweka sufuria nyingine ya maji mekoni akaanza kusonga tena. Nilipomwambia tumeshapakua, alitazama sahani zinazofuka moshi mezani, kisha akanitazama mimi, na kwa kitambo kifupi niliona mtu aliyepotea njia ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Daktari alimkataza kugusa mpira hadi mwisho wa mwezi, tutakaporudi kumwona. Shivachi alipotoka kuvaa shati, nilimuuliza daktari kitatokea nini akigongwa tena kabla ya hapo. Alikuwa akiandika. Kalamu ikasimama. "Pigo la kwanza ubongo husamehe," akasema, akarudi kuandika.

Mechi ya kupanda daraja ikaangukia kabla ya mwisho wa mwezi.

Nilitoka nje nikiwa bado na kitambaa cha jikoni begani. Lihanda, kiongozi wa ngoma, alikuwa mbele ya wote, jasho likimtiririka, ngoma ya ngozi ya kenge ikining'inia kwapani.

"Mulembe, dada ya fahali!" akanisalimia kwa sauti. "Tumekuja kuchukua mali yetu."

"Lihanda, sikiliza. Kichwa chake hakijapona."

"Kichwa?" Akawageukia wenzake. "Ati kichwa! Hiki kichwa cha kwetu kimepigwa na goti, hospitalini alipelekwa nani? Si ni mwenye goti!" Wakaangua kicheko.

"Daktari amekataza."

"Daktari ni wa wapi?"

"Inahusu nini?"

"Inahusu. Hajui hawa watu." Akainama kidogo, akashusha sauti, na uso wake ukawa mpole, jambo lililonitisha zaidi ya kelele. "Dada, sisi tunampenda. Unataka tuwekewe yule mwingine golini? Yule anashikanga mpira kama amepewa sufuria ya moto. Leo ni Butali. Wale wakata miwa watatumaliza."

Nyuma yangu mlango ukafunguka. Mama alitoka amejifunga leso ya kanisani, na Shivachi akamfuata akiwa amevaa jezi. "Mungu hafanyangi kazi nusu," Mama aliniambia, akinishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi.

Babu yetu alifuga mafahali. Nikiwa mdogo nilimwona fahali wake mmoja, aliyekuwa na kwato bovu, akiinua shingo na kunguruma ngoma zilipoingia bomani, na watu wakaruka kwa furaha wakisema amepona. Babu hakuruka. "Hajanguruma kwa kuwa amepona," aliniambia. "Amenguruma kwa kuwa amesikia ngoma." Lakini hata yeye hakuthubutu kumrudisha zizini. Fahali akishatolewa kwa ngoma harudi bila kupambana. Mwenye kumrudisha atacheka na nani tena sokoni?

Nilimtazama kaka yangu usoni ngoma zilipopamba moto. Macho yake, yaliyokuwa kama taa iliyoishiwa mafuta kwa wiki zote hizo, yaliwaka. Akacheka. Akainua mabega na kuyatikisa kama wafanyavyo wanaume wa kwetu. Umati ukalipuka.

Nilikimbia pamoja nao hadi uwanjani, si kwa kushangilia. Nilikuwa nikimtafuta kocha Osiako. Nilimkuta kwenye benchi akigawa jezi, nikamweleza yote mbele ya wachezaji. Alinisikiliza, ni haki niseme hivyo. Kisha akamwita Shivachi.

"Daktari amekuruhusu?"

"Ameniruhusu, kocha."

"Lini?" nikauliza.

Shivachi akanigeukia. Sikuona uongo usoni mwake. Hilo ndilo lililonigandisha damu: alikuwa akitafuta, kwa bidii na kwa heshima, siku ambayo haikuwahi kuwapo. "Juzi," akasema. "Si ulikuwa na mimi?"

Ngoma zikasogea hadi karibu na benchi zikimtaka. Osiako alitazama umati, akamtazama kijana, akanitazama mimi. "Mama," akaniambia, ingawa ningeweza kuwa bintiye, "huyu ni mtu mzima."

Mechi yenyewe sikuiona kama mechi. Niliona viwiko. Niliona magoti, njumu, mapaji ya nyuso. Kila krosi ya Butali iliponing'inia hewani nilishika wavu wa nyuma ya goli kwa vidole vyangu vyote, na kila Shivachi alipotua salama nilijikuta nikihesabu pumzi zake badala ya zangu. Na alicheza vizuri! Watu hawakunidanganya katika hilo. Aliruka kama mtu asiye na uzito. Nyuma yangu walikuwa wakiimba kwamba goti lilipasuka lenyewe, na mzee mmoja alinigonga mgongoni akasema, "Unaona? Mwana wetu. Na wewe ulikuwa unalialia."

Sare ilitutosha. Dakika za mwisho Butali wakapata kona. Mpira ukaja juu, ukajipinda, na miili yote ikaruka pamoja. Shivachi alitua nao kifuani. Bega la mtu lilimpitia kichwani, kidogo tu, kama unavyomgusa mtu ukimpita mlangoni. Alibaki wima. Refa akapuliza filimbi ya mwisho.

Hadi leo mashabiki hunisimamisha sokoni. Ni watu wema; huuliza huku wakinichagulia nyanya nzuri. "Kipa wetu anarudi lini? Msimu ujao, sivyo?" Wana hakika. Ninawaambia yuko Iguhu na mjomba, anapumzika, jua kali halimpendezi. Wananiambia fahali kama yule haishi hivyo. Wengine huniimbia pale pale, kati ya mafungu ya mboga, na mimi hutabasamu nikitafuta njia ya kupita. Hawakuona nilichoona siku ile filimbi ilipolia, kwa sababu walikuwa wamekimbilia katikati ya uwanja kuwabeba wale wengine.

Mimi nilizunguka mlingoti wa goli nikamwendea. Alikuwa amesimama kwenye mstari, magoti yamekunjwa kidogo, mpira ameukumbatia kifuani. Macho yake yalikuwa kwenye kibendera cha kona. Hapakuwa na mtu pale. Upepo tu, na karatasi ya peremende.

"Shivachi. Imekwisha. Twende nyumbani."

"Toka uwanjani, Pascalia," akasema bila kunitazama. "Kona haijapigwa."

Kwa mbali Lihanda alikuwa ametuona. Ngoma zilianza kugeuka kuja upande wetu. Niliinua kiganja changu juu kuwazuia, na sijui walielewa nini, lakini walipunguza mwendo.

Nikasimama kwenye mlingoti wa karibu, ambapo beki angesimama. Nikaukazia macho ule upepo.

"Kaa na yule mrefu," kaka yangu akaniambia kwa sauti ya chini. "Yule mrefu ndiye mbaya."

"Nimemwona," nikasema. "Nimemshika."