Faili Lisilofunguka

Gervas, afisa wa usalama, alichomoa waya wa kompyuta yangu ukutani pale steshenari kwangu kabla hajanisalimu. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri kopi ya cheti cha mwanawe alikitazama kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa yule mwanaume, akachukua mkoba wake na kutoka bila kudai karatasi zake.

"Wewe ndiye Emelyne?"

"Ndiyo, afande. Shikamoo."

Hakuitikia. Nyuma yake alisimama dada wa ofisini kwao, Jeniffer, ameikumbatia laptopu kifuani.

Wakati ule kila mwenye simu pale Mpanda alikuwa amesikia habari za lile faili. Wadukuzi waliingia kwenye kompyuta za jeshi, wakachota walichochota, wakakifunga kwa nywila, kisha wakakimwaga mtandaoni. Yeyote aliweza kulipakua faili hilo; hakuna aliyeweza kulifungua. Waliolivujisha waliahidi kuitoa nywila mwenzao mmoja akikamatwa. Kaka yangu Celestin, mwalimu wa sekondari kule Katumba, alikuja steshenari kwangu kwa kuwa mtandao wangu ulikuwa na kasi, akalishusha kwenye flashi yake.

"Siku likifunguka niwe nalo," alisema, akacheka. Nami nilicheka.

Sasa nilikuwa nimekalishwa ofisini kwao, kwenye chumba kisicho na dirisha, Gervas akinizunguka.

"Nani alilipakua?"

"Wateja ni wengi, afande. Siwaulizi majina."

"Nywila?"

"Siijui."

Akasimama nyuma yangu. Sauti ikawa ya upole, na upole ule ndio ulionitisha kuliko ukali. "Mama yako yuko Katumba. Ana uraia wa tajnisi, wa kupewa tu, siyo? Hilo faili lake nalo tunaweza kulifungua upya."

Mama aliingia nchi hii mkimbizi mchanga, amebebwa mgongoni, mwaka ule wa sabini na mbili. Mimi nimezaliwa hapa, nikasimama mstarini kila asubuhi kuimba wimbo wa taifa mpaka sauti ikakauka. Kumbe ilitosha sentensi moja ya mtu mwenye kitambulisho shingoni kuturudisha sote barabarani na mizigo kichwani.

Hasira ilinipanda kabla sijaizuia. "Nyie wenyewe mnajua kilichomo?"

Kofi lilinipata sikioni. Nilipoinua kichwa, Jeniffer alikuwa akitazama viatu vyake, na Gervas alikuwa akihema kana kwamba mimi ndiye niliyempiga. Hapo nikaelewa. Hakujua. Alikuwa ametumwa kuwinda kitu ambacho waliomtuma hawakumwamini kumwambia, na kwa hilo alinichukia mimi.

Jioni waliniachia. Kompyuta yangu ilibaki kwao.

"Nenda," Gervas alisema. "Tutakuwa tunakusikia."

Sikuthubutu kumpigia Celestin. Simu niliiacha nyumbani ikichaji, nikapanda bodaboda hadi Katumba, sikio likivuma njia nzima. Nilimkuta kwenye bani letu la kukaushia tumbaku, akichochea moto. Nilimweleza. Akalitazama sikio langu, akaigusa kidogo kwa ncha ya kidole ile sehemu iliyovimba. Kisha akaitoa flashi mfukoni na kuitupa kwenye makaa. Plastiki ilinuka, ikajikunja.

"Ulinitaja?"

"Hapana."

Aliinama akaongeza kuni.

Nywila ilikuja kutoka baadaye, mwenzao mmoja alipokamatwa, kama wadukuzi walivyoahidi. Watu walifungua, wakasimuliana, wakabishana vijiweni. Mteja mmoja alitaka kunionyesha kwenye simu yake, nikamwomba aifunge. Kompyuta sikurudishiwa. Gervas sikumwona tena, ingawa simu ikichelewa kuunganishwa hadi leo huwa nahisi kuna mtu anavuta pumzi upande wa pili.

Celestin na mimi hatupigiani simu tena. Nikienda Katumba tunaziacha simu zetu ndani, juu ya kitanda cha mama, tunatembea mpaka katikati ya shamba la mahindi. Huko ndiko alikoniambia kwamba mkewe Prisila ni mjamzito.

Mara ya mwisho mama alitufuata, akasimama kwenye matuta, mikono kiunoni.

"Nyie watoto, nyumba ina viti. Mnanificha nini?"

"Hatukufichi kitu, mama," Celestin alijibu. "Tunasalimiana tu."

Mama alitutazama kwa zamu. Kisha akashusha mikono, na bila kuuliza tena, akaja kukaa kati yetu.