Raymundi na Nyoka wa Bwawa la Goweko

Jamani, hii hamtaiamini, lakini ilitokea kweli, Goweko, enzi za Mwingereza.

Babu yangu Raymundi alikuwa anamtaka Katarina, binti wa katekista Nikolaus. Na alikuwa ameshajitangaza kila mahali kwamba ni fundi wa kushika nyoka. Uongo mtupu! Mzee Nikolaus akamwambia, "Vizuri. Bwawani kuna nyoka anatumalizia samaki. Mtoe, ndipo nikupe binti."

Kijiji kizima kikaja kutazama. Kweli bwana, majini ikachomoza shingo nyembamba, ndefu, inajipinda! Babu akajitosa, akaikaba, akavuta.

Likatoka na mabawa!

Kumbe ni mbizi, yule ndege anayeogelea mwili wote umezama, shingo tu nje. Wengine humwita ndege-nyoka, na siku niliposimuliwa kisa hiki ndipo nilielewa kwa nini, nikacheka mpaka simu ikanidondoka. Mbizi akamtoboa babu pua.

"Wee Raymundi!" shangazi yake Katarina akapaza sauti. "Nyoka wako ana manyoya!"

Babu, damu inamchuruzika, akajibu, "Alikuwa nyoka, shangazi. Nimemgeuza!"

Watu wakapiga vigelegele. Mzee Nikolaus akakunja uso. "Umemgeuza? Mimi katekista, mchawi haoi kwangu. Sema kweli mbele ya watu wote."

Akikubali ni ndege, yeye ni mwongo. Akikataa, mchawi. Na Katarina yuko pale, anamtazama.

Ungekuwa wewe, ungesemaje?