Mizizi Iliyoshika

Mimea ndani ya tangi la samaki la Erastus ilianza kuharibika mwezi wa pili. Jael, mkewe, hakuhangaika. Mumewe alikuwa amefanya kazi idara ya uvuvi miaka thelathini na moja. Angejua la kufanya. Tangu astaafu, tangi hilo la kioo lilikaa sebuleni kwao, mtaani Amalemba, na wageni waliyasifu majani yake kabla hata ya kuketi.

Sasa majani yaligeuka manjano, yakatoboka, yakalainika kama mboga iliyolala kwenye maji. Mashina yakawa yanaelea ovyo.

"Ni mwanga," Erastus alisema. Wakalisogeza tangi mbali na dirisha, wakabadilisha taa. Wiki mbili zikapita bila nafuu. Akasema basi ni dawa iliyomo kwenye maji ya mfereji. Jael akawa anakinga maji na kuyaacha wazi kwenye ndoo siku mbili kabla ya kuyatia. Wapi! Ikawa mimea ina njaa, akafukia mbolea mchangani. Mwishowe akamgeukia mkewe.

"Mama Mitchel, hizi ndoo unafulia nazo. Unaniulia majani na sabuni yako."

Jael hakuwahi kufulia kwenye ndoo zile. Aliomba msamaha hata hivyo, kwa sababu aliisikia hofu katika sauti ya mumewe, na hofu hiyo ilikuwa ngeni kwake.

Akampigia simu Protus, ambaye Erastus ndiye aliyemfundisha kazi, na ambaye sasa alikuwa na mabwawa yake ya samaki huko Khwisero. Alikuja Jumamosi, Erastus akiwa kwa kinyozi. Alikunja shati, akazamisha mkono, akatoa mche mmoja na kuugeuza kwenye mwanga.

"Mama, taa iko sawa. Maji yako sawa, na samaki ni wazima. Shida iko chini. Mmea kama huu hushikanga mchanga baada ya wiki tatu hivi. Huu haujashika hata kidogo, ona mizizi ilivyokatika. Kuna mtu anaung'oa."

"Nani huyo? Tuko wawili tu hapa."

Protus alijifuta mkono polepole, kidole kwa kidole, asimtazame.

Jumatatu Jael hakwenda kwenye kibanda chake cha vitambaa. Alikaa jikoni akichambua mboga ya mrenda, mlango wazi. Saa tatu Erastus aliinuka, akang'oa mimea yote, akaisuuza jani kwa jani, akaipanda upya kwa mikono ile ile ya ustadi. Akaketi. Baada ya nusu saa akainuka tena.

"Haya majani sijayapanda bado," alijiambia, akaanza upya.

Kufikia chakula cha mchana alikuwa ameyapanda mara nne. Jael alikuwa ameacha kuchambua zamani. Mrenda ulikuwa umenyauka kwenye ungo.

Hospitalini daktari alisema ni maradhi ya kusahau, na kwamba yanaweza kucheleweshwa kidogo tu. Protus akajitolea kutengeneza kifuniko chenye kufuli, ili mimea ipumzike.

"La," Jael alisema. "Mwache ang'oe."

Kila Ijumaa Protus akawa anatuma mfuko wa miche mibichi kutoka Khwisero. Jael aliitupa iliyooza na kupanda mipya, Erastus akiwa anaoga. Mumewe akawa anakuja, anakunja mikono ya shati, anafanya kazi yake mpaka jua lipande. Hakumlaumu tena kwa sabuni. Siku nyingine alipiga mluzi.

Mwezi wa nane, akipanguza kioo, Jael aliona jani jipya. Dogo, limejikunja, rangi yake nyororo. Pembeni yake kulikuwa na jingine.

"Baba Mitchel! Njoo uone, yamechipua!"

Akageuka akicheka. Erastus alikuwa kwenye kiti, mikono magotini, akitazama ukuta.

Kicheko kikamkauka. Aliingiza vidole mchangani, akavuta shina taratibu, halikutoka. Mizizi ilikuwa imeshika. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mumewe aliposimama hapa, na hakukumbuka. Ijumaa mbili zilizopita hata mfuko wa Protus hakuufungua, kwa kuwa hapakuwa na kilichooza, na yeye alifurahi tu kwamba kazi imepungua.

Alimwinua Erastus kwa mkono, akamleta taratibu, akamkunjia mkono wa shati na kuuzamisha mkono wake majini.

"Hebu ng'oa huu," alimwambia. "Ng'oa tu, baba. Ng'oa yote."

Mkono ulitulia ndani ya maji. Samaki mmoja akaja, akaunusa, akaenda zake. Erastus aliitazama mimea, kisha akamtazama yeye, kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa vizuri.

"Majani mazuri," alisema. "Ni ya nani?"

Jael aliutoa ule mkono majini, akaufuta kwa leso yake, akachelewa kuuachia.