Alama za Mshono Usoni mwa Gongo

Jirani wa ghorofa ya juu hakuwa na dogo. Kila mlio ule wa nyundo ulipoanza, alifungua dirisha, akatoa kichwa na kupaza sauti:

"Bi Nyundo! Leo tena unajenga safina? Tuambie basi mvua inaanza lini, tuanue nguo!"

"Wahi mapema, jirani," Bi Nyundo alimjibu bila kuinua macho. "Nafasi za wanyama wenye kelele zimebaki chache."

Jina hilo alilirithi pamoja na nyundo yenyewe. Marehemu mume wake alikuwa fundi wa magongo ya kriketi pale klabuni, na alipofariki watu walidhani mjane atauza vile vifaa na kutafuta shughuli ya kike. Hakuuza. Miaka ishirini alikuwa ameketi pembeni ya mume wake akimshikia kitambaa cha mafuta, na kazi ikamwingia mikononi bila yeye kujua.

Maana gongo jipya halichezewi likitoka dukani. Mti wake ni mlaini kama mkate wa asubuhi. Kwanza hupakwa mafuta ya kitani, kidogo kidogo, likalazwa hadi liyanywe. Kisha huwekwa mapajani na kugongwa kwa nyundo ya mti, uso mzima na kingo zake, polepole, mpaka nyuzi za mti zishikane. Masaa sita, marehemu alikuwa akisema, siyo matano na nusu. Mwisho unachukua mpira wa zamani, unaupigisha hapo usoni. Mshono wa mpira ukiacha alama, gongo bado bichi. Rudi kwenye nyundo.

Hakuna aliyewahi kumuuliza Bi Nyundo mara mbili. Alikuwa mtu wa sala, mwenye maneno machache, na pale klabuni watu wakibishana hata juu ya mambo yasiyomhusu, mmoja angesema, "Kamuulizeni Bi Nyundo," na ubishi ukaishia hapo. Hilo lilimpendeza kuliko alivyotaka kukiri mbele ya Mungu.

Gongo la safari hii lilikuwa la Nahodha, binti wa mdogo wake. Tangu akiwa na miaka mitano alikuwa akiwapanga wenzake mstari na kuwapa amri, ndipo familia ikamtania kwa jina hilo. Sasa alikuwa nahodha kweli, wa timu ya wanawake. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, na alikuwa amejinyima miezi minane ili apate gongo lake mwenyewe.

"Mama Mkubwa, fainali ni baada ya siku kumi na mbili. Litawahi?"

"Gongo likipita kwenye mikono hii halipasuki. Liweke hapo, ukapumzike."

Siku za mwanzo alipaka mafuta. Kisha akaanza kugonga, saa moja kila siku baada ya sala ya alasiri. Saa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye saa ya nne kifundo cha mkono wa kulia kilianza kuwaka moto, na hadi anaosha vyombo mkono ulikuwa umevimba. Angeweza kumwambia Nahodha. Angeweza kumwita mtu yeyote pale klabuni. Lakini kusema mkono umechoka aliona ni kama kumzika mume wake mara ya pili, na pia, tuseme ukweli, alizoea kusifiwa. Akapumzika siku moja. Ikawa mbili. Ikawa tatu.

Alhamisi alichukua mpira wa zamani kwa mkono wa kushoto akaupigisha usoni mwa gongo. Akalisogeza dirishani. Alama zilikuwepo, safu mbili ndogo ndogo, kama nyayo za sisimizi. Alizitazama muda mrefu. Masaa mawili zaidi, hakuna njia nyingine. "Kesho," alijiambia.

Kesho yake Nahodha aligonga mlango asubuhi kabla ya zamu, mapema kuliko walivyoagana.

"Mama Mkubwa! Nina haraka, nalichukua nipite nalo mazoezini nikitoka kazini!"

"Nakuja, mwanangu. Natafuta ufunguo."

Ufunguo ulikuwa mlangoni. Bi Nyundo alichukua msasa laini, akasugua zile alama mpaka zikafutika, akapitisha kitambaa cha mafuta juu yake, uso wa gongo ukang'aa kama umepigwa masaa kumi. Ndipo akafungua.

"Masaa sita?" Nahodha aliuliza akitabasamu, kwa sababu tu aliipenda ile hesabu.

"Sita."

Neno moja tu. Siku ile aliposimama kusali, sala ilimtoka kavu kama makapi.

Jumamosi alikwenda uwanjani, akakaa benchi la nyuma. Nahodha alianza vizuri, watu wakamshangilia. Kisha mrushaji alileta mpira wa kasi, ukakutana na ukingo wa gongo, na badala ya ule mlio mnene unaojulikana ukasikika mlio mkavu, kama mtu aliyekanyaga ubao mbovu. Ufa ulianzia ukingoni ukaingia hadi katikati. Nahodha aliazima gongo la mwenzake, zito kwake, na hakudumu uwanjani. Timu ikashindwa kidogo sana, kidogo cha kuuma.

Jumatatu alikuja na gongo lake kwenye mfuko, macho mekundu.

"Mwenye duka ameniuzia mti mbovu! Twende wote, Mama Mkubwa. Wewe ukisema umeligonga masaa sita hana pa kutokea."

Hapo ndipo pa kusema. Bi Nyundo alifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Ngoja nivae viatu."

Mwenye duka alikuwa mzee mpole aliyemfahamu marehemu. Dukani kulikuwa na mteja mmoja, kijana wa benki aliyekuwa akipima magongo. Mzee aligeuza gongo lililopasuka, akapitisha dole gumba kwenye ufa, akatikisa kichwa.

"Mti huu niliuchagua mwenyewe," alisema. "Ningeapa ni mzima. Lakini kama Bi Nyundo ameligonga masaa sita, mimi ni nani nibishane? Kosa ni langu. Binti, chukua jingine."

"Haya ni ya mzigo uleule?" yule mteja akauliza.

"Uleule."

"Basi naona niangalie duka lingine, mzee. Samahani." Akarudisha gongo kwenye rafu.

Mzee alifuta kaunta iliyokuwa safi. Bi Nyundo alimwona, na uso ukamwaka kuliko kile kifundo.

"Manne," alisema.

"Nini, dada?"

"Niligonga masaa manne. Mti wako hauna kosa." Mteja alikuwa amesimama mlangoni, na ilibidi asikie na yeye. "Alama za mshono niliziona. Nikazipiga msasa."

Mzee aliinamisha macho kana kwamba yeye ndiye aliyeumbuka.

"Naona mkono umevimba," alisema taratibu. "Labda ndiyo—"

"Usinitafutie sababu, ndugu yangu."

Nahodha alikuwa akimtazama Mama Mkubwa kama mtu asiyemfahamu.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningeomba ruhusa kazini. Ningegonga mwenyewe."

"Najua."

"Nimewaambia wenzangu wote kwamba mti ulikuwa mbovu."

"Nitakwenda kuwaambia mimi."

Mzee alilirudisha gongo jipya mahali pake. Nahodha alilifuata kwa macho hadi likatulia. Lile lililopasuka, mzee alisema, linaweza kupigwa gundi na kufungwa uzi, litafaa kwa mazoezi. Nahodha akashukuru, akalitia kwenye mfuko, akatoka. Bi Nyundo akafuata nyuma, hatua kama kumi.

Penye kivuko cha barabara Nahodha alisimama akasubiri, bila kugeuka. Magari yalipopungua alinyoosha mkono nyuma, kama alivyozoea wakiwa pamoja. Bi Nyundo akaushika kwa mkono wa kushoto. Ndipo Nahodha akautazama ule wa kulia, jinsi ulivyofura hadi kwenye vidole. Hakusema pole, na Bi Nyundo hakuitarajia. Wakavuka.