Harusi Ndani ya Spika Tano

Mzee Wakoli aliingia dukani kwa Hamdi akiwa ameshikwa mkono na bintiye Musimbi, flashi ndogo yenye video ya harusi ya Musimbi ikiwa mfukoni. Presha ya macho ilikuwa imemnyima kuona hata kabla Musimbi hajaolewa, kwa hivyo ile video ya harusi ambayo kila mtu aliisifu hakuwahi kuiona. Sasa mkwe wake alikuwa amemletea hom thieta, mtambo wa sauti wa spika tano.

"Picha baki nayo," akamwambia Hamdi. "Mimi nataka sauti. Nikae katikati, harusi inizunguke."

Hamdi alikuwa na duka la kutengeneza video mjini Eldoret. Wateja wake wengi walitaka vitambi vyao vipunguzwe kwenye picha. Ombi hili lilimfurahisha. Akavaa hedifoni, akasikiliza, kisha akakunja uso.

"Mzee, sitakudanganya. Hii video iko na sauti ya kushoto na kulia tu. Kompyuta inaweza kuigawa kwa spika tano, lakini hiyo ni kuongeza maji kwa chai. Chai yenyewe haijaongezeka."

"Sasa tutafanya aje?"

"Nani mwingine alirekodi na simu?"

Musimbi akacheka. "Uliza nani hakurekodi!"

Jioni hiyo Hamdi alitumiwa video kumi na moja. Akachagua tatu: ya binamu aliyekaa upande wa kulia, ya Purity, rafiki wa bibi harusi, aliyekaa kushoto, na ya jirani aliyesimama nyuma karibu na wapishi. Akatoa sauti katika kila moja na kuipeleka kwenye spika yake. Ile ya mpiga picha ikabaki kwenye spika mbili za mbele. Zilikataa kwenda pamoja mpaka alipokumbuka kigelegele kirefu cha shangazi, ambacho kila simu ilikuwa imekinasa. Alipokilinganisha, zote zikakaa sawa, akazihifadhi katika faili moja.

Jumamosi mchana aliipeleka mwenyewe nyumbani kwa Mzee, mtaa wa Munyaka. Mzee akaketi katikati ya sebule. Pasta akahubiri mbele yake. Wasichana wakacheka kushoto. Huko nyuma mama mmoja akamkemea mtu kwa kukoroga pilau kama simiti, na Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Ukaanza wimbo ambao Mzee mwenyewe aliimba na wageni siku hiyo. Ghafla akainua mkono.

"Simamisha! Rudisha kidogo. Huyo wa besi huko nyuma ni Javan."

"Baba, Javan hakukuja," Musimbi akasema.

"Nimeimba na yeye kwaya miaka thelathini. Rudisha."

Javan wa Sugoi alikuwa rafiki yake wa dhati. Baada ya harusi, Mzee alimtumia ujumbe kwamba anayekosa harusi ya mtoto wako si rafiki. Javan hakujibu, na tangu hapo hawakuongea.

Hamdi akazima spika zote, akaacha moja ya nyuma. Ile besi ikabaki, nzito na tulivu, katikati ya kelele za sufuria.

Mzee akaisikiliza mpaka mwisho. "Nipigie yeye," akamwambia Musimbi.

Simu ikashikwa. "Javan, kumbe ulikuja."

"Nilikuja. Lori iliharibika njiani, nikafika na oili mpaka kwa shingo. Singekuaibisha kwa meza ya mbele. Nikasimama na wapishi."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshatuma maneno makali. Ningesema nini?"

Mzee akapangusa uso kwa kiganja. "Nisamehe, ndugu yangu. Macho ni ugonjwa, lakini ule mdomo ulikuwa wangu."

Javan akavuta pumzi. "Yamepita. Lakini siku hiyo, kwa ubeti wa pili, wewe uliingia mapema."

"Mimi? Kuja usikize mwenyewe!"

Alikuja kesho yake baada ya kanisa. Walirudia wimbo ule mara sita, wakibishana kwa sauti hadi majirani wakachungulia. Mwishowe ikabainika kwamba wote wawili waliingia mapema, na wakakubaliana kumlaumu pasta aliyeanzisha wimbo.