Bei za Ng'ambo ya Barabara

Wanasema biashara haigombi. Waliosema hivyo hawakumjua Mizani, wala hawakumjua wifi yake.

Mizani lilikuwa jina la utani. Wateja walimpa kwa sababu kila alipopima sukari aliukodolea macho mshale wa mizani kama askari anayemtazama mwizi. Alikuwa mke wa mwenye duka, na duka lenyewe lilikuwa la zamani, lililojengwa na baba mkwe wake enzi ambazo mtaa ule ulikuwa mashamba na njia ya vumbi. Sasa njia imekuwa barabara ya lami, magari yanapishana manne manne, na ng'ambo yake maghorofa yameota kama uyoga. Chini ya ghorofa refu kuliko yote ilifunguliwa supamaketi, yenye milango inayojifungua yenyewe na ubaridi unaokupokea mlangoni kama mwenyeji aliyekungoja.

Na kwenye kaunta ya kwanza ya supamaketi hiyo, ndani ya fulana nyekundu yenye kola, alikaa wifi yake Mizani.

Hao wawili walikuwa hawasalimiani. Wifi alikulia ndani ya duka lile; alijua bei za jumla kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Baba yao alipofariki, kaka na dada waliendelea kuuza pamoja bila neno, hadi kaka alipooa. Ugomvi ulianza kwa jambo dogo, kama kawaida ya ugomvi. Wifi alitaka kila bidhaa iandikwe bei yake na kubandikwa kwenye rafu. Mizani akasema bei iliyoandikwa ni bei bubu, haiwezi kuongea na mteja. Neno likazaa neno. Asubuhi moja wifi akakuta vikaratasi vyake vyote vimebanduliwa na kuwashiwa jiko. Akakung'uta mikono, akachukua mkoba wake, akaondoka bila kumuaga mtu.

Mama mkwe, aliyekuwa akiishi chumba cha nyuma ya duka, hakusema kitu siku ile. Lakini tangu hapo kila alichopika Mizani kilikuwa na kasoro: leo chumvi imezidi, kesho wali haujaiva, keshokutwa yeye mwenyewe hana njaa.

Supamaketi ilipofunguliwa, wateja wakaanza kupungua, kwanza wa maghorofani, kisha hata wa mlango wa pili. Wakawa wanapita mbele ya duka na mifuko myekundu mikononi, macho wameyatupa upande mwingine kama wadaiwa.

"Watu wanafuata ule ubaridi tu," alisema mwenye duka, mtu mpole aliyependa mambo yajimalize yenyewe. "Joto likipungua watarudi."

"Watu hawali ubaridi," Mizani akamjibu. "Wanafuata bei. Na mimi nakwenda kuziona hizo bei kwa macho yangu."

Alivaa nguo yake ya kutokea, akavuka barabara. Ndani hakuchukua kikapu. Alipita rafu moja baada ya nyingine, taratibu, midomo ikimchezacheza. Mafuta ya kupikia: yalikuwa rahisi kuliko hata bei ambayo wao waliyanunulia kwa jumla, na hilo lilimchoma moyo. Sukari: sawasawa na kwao. Maharage: ghali, na yamekunjamana. Mchele ulikuwa kwenye pakiti nzuri inayometa, bei yake chini kidogo ya kilo ya dukani kwake. Akaishika ile pakiti. Mkono ukakataa kwamba hiyo ni kilo. Akaigeuza, akatafuta yale maandishi madogo ya pembeni, akayaona: gramu mia nane.

"Wezi wenye milango ya vioo," akanong'ona, akazirudia bei zote tangu mwanzo ili zisimtoke.

Alipofika kwenye unga, mlinzi akawa amesimama mbele yake, na nyuma ya mlinzi meneja, kijana mwenye tai na viatu vinavyolia.

"Mama, tukusaidie nini? Umezunguka hapa muda mrefu."

"Naangalia bei."

"Bei anaangalia anayenunua."

"Sasa ataamuaje kununua kabla hajaangalia?"

Wateja wawili wakageuka. Meneja akashusha sauti. "Mama, tumeshapata watu wanaotumwa na maduka mengine. Kuna mtu yeyote hapa anayekufahamu?"

Mizani alitazama kaunta ya kwanza. Hakutaka kuomba, lakini mkono wa mlinzi ulikuwa tayari kwenye kiwiko chake. "Yule pale ananijua," akasema.

Wifi aliinua macho. Akamtazama toka kwenye kilemba hadi kwenye ndala, bila haraka, kama anayekagua bidhaa iliyorudishwa.

"Simjui," akasema, akaendelea kupitisha sabuni za mteja kwenye mashine.

Mizani akatolewa nje mbele ya watu. Alivuka barabara bila kuangalia magari. Dereva mmoja alimtukana, hakumsikia. Alipofika dukani hakukaa. Alimwagiza fundi seremala wa jirani ubao, akaupaka rangi nyeusi, akausimamisha mbele ya mlango, akaandika kwa chaki safu mbili: KWAO na KWETU. Mchele, kilo kwa kilo, si pakiti kwa kilo. Maharage. Sabuni. Unga. Mafuta hakuyaandika, hakuwa mjinga.

"Wewe si ndiye uliyekataa bei za kuandikwa?" mumewe aliuliza.

"Zile ziliandikwa na dada yako."

Watu wakasimama kusoma. Wengine walitikisa vichwa, wengine walikwenda kuhakikisha na kurudi wakicheka. Muuza mkaa alikuja na pakiti yake ya mchele, akataka ipimwe palepale, na mshale ulipoishia njiani alitoa tusi moja refu lililowafanya akina mama wazibe masikio ya watoto. Siku ile duka lilijaa. Na siku ya pili.

Siku ya tatu asubuhi wifi alipita akielekea kazini. Akasimama mbele ya ubao.

"Kumbe bei zinaandikika," akasema.

"Nenda ukawapigie magoti mabwana zako, utachelewa," alijibu Mizani kutoka ndani.

Wifi akasogea karibu na ubao. Alisoma safu ya KWETU toka juu hadi chini, kisha akavuka. Kabla ya mchana supamaketi ikashusha mchele, maharage na sabuni, kila kimoja kidogo tu chini ya ubao. Mizani akashusha. Kesho yake wifi akapita tena, akasoma tena, na ng'ambo wakashusha tena. Hapo Mizani akaelewa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hakupiga kelele. Jioni alifuta ubao, akaandika unga kwa bei ambayo hata mwenye kinu angelia akiisikia. Kisha akaingiza mifuko yake yote ya unga chumba cha nyuma, na kila aliyekuja kuuliza akamwambia, "Umekwisha ndugu yangu, njoo kesho."

Asubuhi wifi alipita. Alisoma mstari wa unga mara mbili, akaharakisha kuvuka. Jua halijakaa utosini, bango jekundu likatundikwa kwenye vioo vya supamaketi: unga, bei ya chini kuliko ya ubaoni.

"Nipe zile fedha za bati," Mizani akamwambia mumewe.

"Za kuezeka upya? Mvua zikija je?"

"Zitarudi na watoto wao. Nipe."

Akazigawa kwa watu anaowaamini: fundi cherehani, muuza mkaa na mkewe, fundi seremala, akina mama watatu wa bombani. Wakaenda mmoja mmoja, wakarudi na mizigo vichwani na kwenye matoroli, wakaenda tena. Jioni ilipofika, rafu za unga ng'ambo zilikuwa nyeupe kama mifupa, na unga wote ulikuwa chumba cha nyuma, umepangwa hadi kwenye kitanda cha mama mkwe. Mwenye duka, ambaye hakuwa amecheka tangu supamaketi ifunguliwe, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mnanizika na uhai wangu?" aliuliza mama mkwe kutoka nyuma ya mifuko.

Kesho yake meneja alivuka barabara mwenyewe, kwa miguu. Mwenye duka alikuwa ameenda soko la jumla. Meneja hakumsalimia Mizani kwa ubaya; alionekana mtu ambaye hakulala.

"Unga wangu uko kwako," akasema. "Haya, biashara. Sikuja kwa ajili ya unga. Yule keshia ndiye aliyeniletea bei yako. Anasema aliiona ubaoni tu, akadanganyika. Mlinzi anasema amesikia mtaani kwamba nyinyi ni ndugu. Kama ni ndugu, mmepanga wote wawili kunila. Kama si ndugu, amekosea, na aliyekosea husamehewa. Nimekuja kukuuliza wewe. Unamjua?"

Mizani alikuwa ameshika kopo la kupimia. Aliliweka chini. Nyuma ya pazia alimsikia mama mkwe akikohoa, kikohozi kile cha mtu asiye na kikohozi. Neno moja tu lilitakiwa, na alilijua, kwa kuwa alikuwa amelibeba kifuani tangu siku ile ya mlinzi. Angelisema, yangekwisha.

"Yule? Ni wifi yangu," akasema. "Tumbo moja na mume wangu. Mama yao yuko hapo nyuma ya pazia, muulize."

Meneja akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Wifi alifukuzwa kazi kabla ya saa ya chakula.

Kwa muda mfupi Mizani alihisi utamu wake. Kisha pazia likafunuliwa, mama mkwe akatoka, unga umemganda kwenye nywele.

"Mama, nimesema uongo?"

"Hukusema uongo," alisema yule mama. "Nyoka naye ana meno ya kweli."

Akaingia, akafunga nguo zake kwenye shuka, akaenda kwa binti yake. Mwenye duka aliporudi na kusimuliwa, alikaa juu ya mfuko wa unga. Mizani alijiandaa kwa makelele, makelele angeyaweza.

"Yeye alikukana ili asipoteze kazi," mumewe alisema mwishowe. "Wewe umemtambua ili aipoteze."

"Nilitolewa nje kama mwizi. Ulisema nini siku ile? Ulisema nini?"

Hakuwa amesema kitu siku ile, naye alilijua hilo.

Jumatatu iliyofuata, duka likiwa ndiyo kwanza limefunguliwa, mama mkwe akaonekana mlangoni, na pembeni yake wifi. Fulana nyekundu hakuwa nayo tena. Alipita chini ya ubao, akainua kile kipande cha kaunta kinachofunguka, akaingia upande wa ndani, akasimama.

"Unataka nini huku?" aliuliza Mizani.

"Nimekuja kazini."

"Kazi gani? Nani kakuita?"

"Wewe. Ulisema mbele ya meneja kwamba mimi na mumeo ni tumbo moja. Nakushukuru. Baba alipokufa, duka likawa la tumbo hilo lote. Nusu ya hapa ni yangu, na nilikuwa nimekuachia. Sasa sikuachii."

Mizani akamgeukia mumewe. Mwenye duka alitazama dari, akamtazama mama yake, kisha, pengine kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, alijibu bila kuzunguka. "Duka ni la baba yetu," akasema. Akasogeza makopo ya chumvi ili dada yake apate pa kusimama.

Hivyo ndivyo walivyokaa kaunta moja, mmoja kulia, mmoja kushoto, mizani ya kupimia katikati. Hawakuzungumza. Wakitaka kuambizana jambo walimpitishia mteja: "Mwambie huyo anisogezee mifuko." "Mwambie mifuko haina miguu, aje aichukue." Unga ule mwingi uliuzwa polepole, na mifuko ya mwisho iliingiwa na wadudu, kila mmoja alisema ni kosa la mwenzake. Mshahara wa wifi uliopotea ulitolewa kwenye faida ya unga, kwa amri ya mama mkwe, na Mizani aliuhesabu mezani kwa kishindo.

Wateja ndio waliogundua faida. Mama mmoja wa maghorofani alikuja kuuliza kilo ya mchele. Mizani akamtajia bei. Wifi, bila kuinua kichwa, akataja bei iliyo chini kidogo. Mizani akashuka. Wifi akashuka. Yule mama, macho yakienda huku na huku kama anayetazama mpira, alingoja hadi wote wawili wakaishiwa pumzi, akanunua kilo tano. Alipofika kwake akawaambia majirani. Tangu siku ile mtaa mzima ulijua: ukitaka bei nzuri usiende supamaketi ile, wala ile mpya iliyofunguliwa kituoni, wala soko la mbali. Nenda dukani kwa Mizani saa ambayo wote wawili wapo.

"Mtatufilisi," mwenye duka alilalamika siku moja, mstari wa watu ukiwa umefika barabarani.

"Mwambie dada yako aache ushindani," alisema Mizani.

"Mwambie mkeo aanze kuacha yeye," alisema wifi.

Mwenye duka alimtazama huyu, akamtazama huyu, akaenda nje kuwapanga watu waliokuwa wakisukumana mlangoni.