Gagulo la Leti

Verlene Tolliver alikuwa ameinua uzi wa buluu karibu na pua, analitafuta tundu la sindano kwa mara ya nne, Earnestine alipomnyang'anya vyote viwili.

"Lete, shoga. Utajitoboa pua uanze kuvaa kipini uzeeni."

"Nilikuwa nimeshafika."

"Umefika wapi? Ulikuwa karibu na sikio."

Wawili hawa walikuwa wameshona katika chumba kimoja kwa miaka kumi na moja, katika mji wa kale kule Virginia ambako watu hulipa kiingilio waone maisha ya miaka mia mbili na hamsini iliyopita. Waigizaji huvaa, wao hushona, kwa mkono, bila cherehani. Verlene alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alishasema afanyiwe upasuaji. Lakini bima ya matibabu walipewa wenye kazi ya saa thelathini kwa wiki, na ofisi ilimpa Verlene saa ishirini na tisa. Bwana Todd, mkuu wa mavazi, alikuwa amemwahidi kazi ya kutwa, yenye bima, baada ya karamu ya Jumamosi.

Karamu ingefanyika katika nyumba ya Penhallow, mojawapo ya nyumba za kale za mji huo, kwa ajili ya wafadhili, na Verlene alipewa kazi ya kumshonea gagulo binti atakayeigiza mpishi. Enzi zile gagulo halikuwa vazi la kufichwa ndani. Lilikuwa ndiyo nguo yenyewe: kipande cha mbele kikafungwa kwa utepe nyuma, cha nyuma kikafungwa mbele, na ubavuni pakabaki upenyo wa kupitisha mkono.

"Kitendawili," alisema Earnestine.

"Tega."

"Nguo yangu haina mfuko, mfuko wangu hauna nguo."

"Gagulo, na mfuko unaofungwa kiunoni chini yake. Nitegee kigumu, hiki cha watoto."

Chumba hicho kilikuwa na sheria moja kubwa: nguo haitoki mlangoni bila karatasi ya ushahidi, yenye kutaja maandishi au nguo ya zamani iliyofuatwa, na sahihi ya aliyeishona. Hariri za mabibi zimehifadhiwa kwenye makabati ya vioo. Gagulo la mpishi lilivaliwa mpaka likawa tambara la kusugulia masufuria. Basi utalipata wapi? Verlene alilipata pale wanapolipata washonaji wote wa kazi hii, katika magazeti ya zamani, kwenye matangazo ya mabwana waliokuwa wakiwatafuta watumwa waliotoroka. Ukitaka mtu akamatwe, sharti useme amevaa nini.

Alisoma wiki tatu. Akapata tangazo la mwaka 1768:

*Ametoroka kwangu mwanamke aitwaye Leti, mpishi. Amevaa gagulo la sufu la buluu, limeungua mbele upande wa kushoto, limetiwa kiraka chekundu kwa uzi mweupe. Atakayemrudisha jikoni kwangu atapewa zawadi.*

Chini yake, jina: Penhallow.

"Sasa na mimi nakutegea," alisema Verlene siku ile. "Aliijua nguo uzi kwa uzi, mwenye nguo hakumjua."

Earnestine aliangalia pembeni. "Hicho sitaki kukitegua."

Verlene alilishona kama lilivyoandikwa. Aliliunguza kwa kaa la moto, akatia kiraka chekundu kwa uzi mweupe, akaivisha sanamu ya kuvalishia nguo na kuielekeza dirishani. Asubuhi aliikuta imetazama mlango. Akaigeuza. Kesho yake vilevile.

"Ni mfagiaji," Earnestine alisema.

"Mfagiaji haingii. Ufunguo ninao mimi."

"Basi ni sakafu. Sakafu za nyumba za kale huinama, vitu hujigeuza." Lakini kutoka siku hiyo Earnestine hakupenda kuingia wa kwanza.

Leo ilikuwa Alhamisi. Bwana Todd aliingia na kikombe cha kahawa, akalizunguka gagulo.

"Limependeza, Bi Verlene. Hicho kiraka kitoke tu."

"Kiraka ndicho ushahidi."

"Na kwenye karatasi usimtaje huyu Leti. Andika nguo ya kawaida ya mpishi."

"Kwa ushahidi gani?"

Alishusha sauti. "Familia ya Penhallow itakuwa mezani. Wao ndio waliotoa fedha za kulijenga upya jiko la nyumba ile."

"Tangazo ni la babu yao."

"Ndiyo maana." Akagusa bega lake kwa upole. "Barua yako ya kazi ya kutwa iko mezani kwangu. Tusaidiane."

Alipotoka, Verlene alichukua mkasi mdogo akaanza kufumua. Mshono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kiraka kiliponing'inia, aliona ukingo mweusi wa pale palipoungua, na harufu ya sufu iliyoungua ikamjia, ingawa zilikuwa zimepita siku tisa tangu aliunguze. Alipenyeza mkono ubavuni ili ashike kitambaa vizuri. Ndani palikuwa na joto, kama mtu amelivua sasa hivi. Ni jua, alijiambia. Jua lilikuwa upande wa pili wa chumba.

Akauweka mkasi chini.

"Earnestine. Nitilie uzi. Mweupe."

Alikirudisha kiraka kwa kupapasa, maana wakati huo alikuwa haoni kitu. Kisha akachukua ile karatasi. Penye ushahidi hakuandika lolote. Penye sahihi pia.

Saa tisa Bwana Todd alirudi. "Saini basi, lipelekwe."

"Sina ushahidi wa nguo ya kawaida. Ninao wa Leti. Niandike?"

"Bi Verlene, hili ni gagulo tu."

"Bila karatasi halitoki. Wewe ndiye uliyeipiga chapa hiyo sheria, mwanangu, ukaibandika mlangoni."

"Fikiria macho yako."

"Nimeyafikiria asubuhi yote."

Bwana Todd akachomoa kwenye kamba ya nguo sketi ya kahawia ya mwaka jana, yenye karatasi zake zote, akaenda nayo.

Jumatatu ratiba mpya ilikuwa imebandikwa. Verlene Tolliver, saa kumi na nane kwa wiki. Za Earnestine hazikuguswa. Waliisoma wakiwa wamesimama, wakafungua chumba, safari hii Earnestine akatangulia. Alikaa akatia uzi sindano kumi na mbili, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kijimto cha mwenzake zimtoshe siku zile watakazopishana.

"Shoga," alisema, bila kuinua kichwa. "Tazama."

Sanamu ilikuwa imeelekea dirishani, kama walivyoiacha; kwa mara ya kwanza haikuugeukia mlango.